Maswali ya Wasomaji: Kuni Mbichi, Kuni Kavu na Bei Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, nina ekari mbili za mikaratusi huku Buchosa. Huwa nakata, nachanja na kupakia kwenye fuso siku hiyo hiyo kwenda Mwanza mjini, ambako wateja wangu ni mama lishe, wakaanga chipsi na wabanikaji wa samaki. Siku hizi wananilalamikia kwamba kuni zangu zinatoa moshi na hazishiki moto, nao wananikata bei. Nilijaribu kuzikausha kwa kuzifunika na turubai, zikaota ukungu, na safu ya chini ikaliwa na mchwa. Je, kuna faida gani ya kukausha ikiwa kuni kavu ni nyepesi na nitalipwa kwa mzigo mwepesi? (Mkulima, Buchosa)

JIBU: Ndugu mkulima, swali lako la mwisho ndilo la kujibiwa kwanza, kwa kuwa humo ndimo fedha yako inamopotelea. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Chukua kilo 10 za kuni za namna hiyo: kilo 5 ni mti, kilo 5 ni maji. Zikikauka hadi maji yabaki asilimia 20 ya uzito, mizani itasoma kilo 6 na robo, ilhali mti wenyewe haujapungua. Kwa hiyo, kila unapopakia fuso siku ya kukata, unalipia mafuta na jasho la wapakiaji ili kusafirisha maji kutoka Buchosa hadi mji uliojengwa kando ya ziwa. Kuni zikaushwe shambani, kisha ndipo gari liitwe.

Wateja wako nao hawakuonei. Kilo moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20 hutoa joto la takriban megajuli 15, wakati kilo ya kuni ambazo nusu yake ni maji hutoa karibu megajuli 8 tu, kwa sababu mti ulio ndani ya kilo hiyo ni mchache na sehemu ya joto lake huishia kugeuza maji kuwa mvuke kabla sufuria haijapata chochote. Moto ukipoa hivyo, gesi zinazotoka kwenye mti haziungui zote, na hizo ndizo zinazogeuka moshi na masizi.

Ama hofu ya mzigo mwepesi, itakwisha ukiacha kuuza kwa uzito na kuanza kuuza kwa ujazo. Kuni zinapokauka hupoteza uzito mwingi lakini husinyaa kidogo sana. Tengeneza fremu ya mbao yenye upana, urefu na kimo cha mita 1, uzipange kuni ndani yake mbele ya mnunuzi. Katika mita hiyo ya ujazo iliyopangwa vizuri, mti wenyewe huwa kama asilimia 60 hadi 70, na sehemu iliyobaki ni hewa. Vipande vilivyopinda huongeza hewa, na mnunuzi wa soko la samaki la Kirumba aliyezoea kupimiwa dagaa atakugundua haraka. Elewaneni mapema kama mnazungumzia mita iliyopangwa au iliyomwagwa tu, maana hizo ni biashara mbili tofauti.

Sasa tuje kwenye ukaushaji wenyewe. Wakati mzuri wa kukata kwa upande wetu ni mwishoni mwa masika, kuelekea Juni, kwa kuwa udongo bado una unyevu wa kuwezesha visiki kuchipua tena na mbele yako kuna miezi ya kiangazi kabla ya vuli. Kata karibu na ardhi, kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki, na uangalie gome lisichanike. Chanja kuni siku zile zile, kwani mkaratusi mbichi hupasuka kwa urahisi, lakini ukishakauka shoka hudunda. Maji hutoka kwenye ncha za kipande kwa kasi kubwa kuliko yanavyotoka ubavuni, na gome huyazuia zaidi. Ndiyo maana kipande kifupi kilichopasuliwa hukauka wakati gogo zima la mti huo huo bado ni bichi ndani.

Ukungu ulioupata ulitokana na turubai lenyewe. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye kuni yaligonga turubai, yakarudi chini kama matone. Funika juu tu, kwa bati au turubai, na uache pande zote wazi. Panga safu moja moja, zikiwa zimeinuliwa angalau shubiri moja kutoka ardhini juu ya mawe, ambayo kwetu Mwanza hayajawahi kuadimika. Uzikabilishe safu hizo na ziwa, kwa kuwa mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu na usiku hugeuka, nawe utapata mkaushaji asiyedai mshahara. Kila wiki kagua mawe hayo na uvunje njia za udongo zinazojengwa na mchwa. Wapo wanaomwaga oili chafu chini ya lundo. Tafadhali usifanye hivyo, kwani kuni hizo zitakwenda chini ya samaki wa watu. Unapotoa kuni kwenye lundo la muda mrefu, tumia kijiti kwanza kabla ya mkono, maana nyoka nao hupenda pakavu.

Ili kujua kama zimekauka, usidanganywe na nyufa za nchani, kwani ncha hukauka kabla ya moyo wa kipande. Chagua vipande vitatu vya katikati ya safu, vitie alama ya rangi, uvipime kwenye mizani kila wiki. Uzito usipopungua kwa wiki mbili mfululizo, upepo umefanya kadiri uwezavyo. Ukiwa na kipima unyevu cha pini, pasua kipande kwanza na upime sehemu ya ndani iliyofunuka.

SWALI: Ninabanika sangara hapa Nansio. Jirani ananiambia kuni mbichi kidogo humpa samaki rangi nzuri. Vilevile napata mabaki ya misindano kwa bei nafuu. Nifuate lipi? (Mama mbanikaji, Ukerewe)

JIBU: Mama, rangi hiyo ni masizi kwa sehemu kubwa. Samaki hudhurungika nje mapema ilhali ndani bado ana maji, na mteja anayempeleka mbali ndiye atakayekuta ameota ukungu. Anza na kuni kavu zenye moto wa kumwivisha na kumkausha, kisha punguza hewa ya tanuri ili upate moshi wa kumalizia. Msindano una utomvu unaoleta masizi na uchungu, hivyo uutumie kuchemshia maji, usiutumie kwa samaki, na mbao zilizopakwa rangi zisikaribie tanuri kabisa. Sangara ana mafuta mengi. Yakidondokea motoni hutoa moshi wenye kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani, basi weka bati la kuyakinga kati ya moto na wavu.

SWALI: Mdogo wangu anaishi Uingereza. Anasema huko kuni zenye maji zaidi ya asilimia 20 haziruhusiwi kuuzwa. Ni kweli? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Ni kweli kwa England, sehemu mojawapo ya Uingereza, tangu tarehe 1 Mei 2021, kwa mizigo iliyo chini ya mita za ujazo 2. Mizigo mikubwa zaidi inaweza kuuzwa ikiwa mbichi, ila muuzaji lazima ampe mnunuzi maelekezo ya kuikausha. Huko kuni ni za kupashia nyumba joto katika majiko yenye bomba la moshi, na kuni mbichi huacha ndani ya bomba lami inayoweza kushika moto.

SWALI: Nataka kufungua yadi ya kuni. Nianzie wapi, na soko litadumu? (Kijana, Igoma)

JIBU: Anzia kwa afisa misitu wa wilaya na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa sababu mazao ya misitu husafirishwa kwa hati, na gari lisilo na hati hukamatwa. Kwa miti ya shamba binafsi, tafuta kwanza barua ya serikali ya kijiji inakotoka. Yadi isiwe ufukweni, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ziwani.

Kuhusu soko, usiweke matumaini kwenye shule na vyuo. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wateja wako watakuwa wabanikaji na wapishi wadogo, nao watapungua kadiri gesi inavyoenea. Kwa hiyo usikope fedha za kununua gari, bali ulikodi tu. Kabla ya kulipia kiwanja, wazungukie wapishi wa Igoma na Buhongwa, uwaulize wanatumia kiasi gani kwa wiki na midomo ya majiko yao inapokea kipande cha urefu gani.