IST yangu imebanduka klia: nipige rangi ya bei rahisi au ya bei ghali?

SWALI: Nina Toyota IST ya silva, naifanyia biashara ya teksi za mtandao hapa Dar es Salaam. Klia (lile tabaka la juu linalong'aa, lisilo na rangi) ya boneti na paa imebanduka mabaka mabaka. Fundi amenipa bei mbili: rangi ya kawaida, au rangi ya Ulaya ambayo ni zaidi ya mara mbili yake. Anasema hiyo ya kawaida haihitaji hadina (ile ya kopo la pili inayochanganywa nayo) nyingi kwa sababu jua la huku linatosha kukausha. Ipi itadumu? Msomaji, Tabata.

JIBU: Ndugu yangu, maneno ya fundi wako kuhusu hadina yamenitia wasiwasi kuliko bei zote mbili.

Mafundi wengi, na wenye magari pia, wanaamini hadina ni dawa ya kukaushia. Jua likiwa kali wanapunguza, mteja akiwa na haraka wanaongeza. Imani hiyo imeharibu magari mengi kuliko rangi yoyote ya bei rahisi. Rangi ya NC (nitroselulosi, isiyotumia hadina) ndiyo inayokauka kwa thina kuruka hewani basi. Hata ikikaa mwaka, ukiisugua na kitambaa chenye thina inayeyuka na kuhamia kitambaani. Klia ya 2K, yaani ya sehemu mbili, ni kitu kingine. Inashikana na hadina, na zikishashikana zinakuwa ngozi moja ngumu ambayo thina haiirudishi kuwa majimaji. Kopo likisema mbili kwa moja, kila sehemu mbili za klia zinaidai sehemu moja kamili ya hadina. Ukiipunja, sehemu ya klia inabaki bila wa kushikana naye. Siku unayochukua gari inang'aa vizuri tu, ila ukibonyeza ukucha alama inabaki, na baada ya muda mfupi inafifia. Ukizidisha, inakakamaa hadi kupasuka. Jua linaharakisha kushikana huko, lakini halina uwezo wa kuziba pengo la hadina iliyopunjwa.

Sasa pesa zako. Silva ya metaliki hupigwa rangi kwanza, kisha klia juu yake. Rangi ile ya chini haina kinga ya kutosha. Jua, kinyesi cha ndege na brashi za kuoshea vyote vinapokelewa na klia. Kwa hiyo gharama iweke kwenye klia, pamoja na hadina na thina za kampuni hiyo hiyo. Rangi yenyewe chukua ya daraja la kati, mradi ichanganywe kwa kodi (namba ya rangi) iliyo kwenye kibati cha gari, palipoandikwa C/TR. 1F7 ni mojawapo ya kodi za silva za Toyota. Ujue tu kwamba rangi hafifu inafunika polepole: panapotosha mikono miwili ya rangi nzuri, hiyo inaweza kula mitatu au minne, na unafuu wake unaliwa na lita za ziada. (Ungekuwa na nyeupe ya lulu, ile 070, ningekwambia lipa ya ghali bila kujiuliza, maana ina tabaka tatu na ya bei rahisi haifanani na mlango ulio pembeni yake.)

Fundi akisema atapitisha klia mpya juu ya hiyo iliyobanduka, ondoa gari. Klia iliyolegea isuguliwe yote, hadi upitishe kidole ukingoni usihisi ngazi. Palipofika kwenye bati pigwe praima, kisha msasa wa maji, umalizie na wa 800 kabla ya silva. Ukiishia 400, mikwaruzo itaonekana ndani ya metaliki hata kama umenunua kopo ghali kuliko yote dukani.

Halafu kuna biashara inayonikera ya kupima hadina kwenye chupa za maji ya kunywa. Hadina hunyonya unyevu wa hewa, na Dar hewa yetu ni mbichi. Inaanza kuwa na ukungu, kisha inaganda, na kabla haijaganda imeshaanza kupoteza nguvu. Usikubali ya chupa, hata ikiuzwa pamoja na klia ya jina kubwa. Kopo lifunguliwe mbele yako. Mwombe pia fundi apige kipande cha bati kwa mchanganyiko ule ule wa gari lako. Kiache siku mbili, kisha kisugue na thina. Klia ikiyeyuka au kunata, umeuziwa NC au hadina imepunjwa.

Wanaochanganya petroli badala ya thina sina subira nao kabisa. Wanaharibu kazi na wanaweza kuwasha moto gereji.

Na ninyi vijana mnaoshika bunduki ya rangi: mvuke wa hadina ya 2K unaweza kuwapa pumu ya maisha, na kitambaa mnachofunga puani hakizuii chochote. Kwa klia vaeni barakoa yenye vichujio vya kemikali, vibadilishwe kwa wakati, na pigeni mahali penye hewa inayopita. Kifua kikianza kubana usiku baada ya kazi, acha kupiga, nenda hospitali, na mwambie daktari waziwazi kuwa unatumia rangi ya hadina.