Kabla hujasaini: kwa vijana mlioripoti karibuni halmashauri

Wadogo zangu mlioripoti mwaka huu, karibuni. Nimewavumilia tangu mlipokuwa mnauliza masijala iko wapi, lakini la juzi limenishinda. Kijana wetu mmoja, mpole, msomi, kaniletea marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha alizotangulizwa, ya semina ya kata. Orodha ya mahudhurio imejaa hadi mstari wa mwisho. Sahihi zote za wino mmoja wa bluu, herufi zote zimelalia kushoto, na kati ya waliohudhuria na kuchukua posho yumo mwenyekiti wa kijiji ambaye tulimzika kabla ya Ramadhani. Nikamuuliza, na huyu alikuja? Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgeni ofisini. "Bosi, orodha yenyewe ilipotea. Na kila mtu anafanya hivi."

Nampenda kijana huyu, na sina hamu ya kumpelekea chapati mahabusu. Basi naandika. Sitarudia maadili ya kwenye mabango ya korido. Yale mliyakariri vizuri kwa ajili ya usaili, ndiyo maana mko hapa.

1. Soma kilichoandikwa juu ya mstari. Humu ndani watu wanasaini kama wanavyopeana mikono. Jalada linapita, mwenzako anakuwekea kidole pa kusaini, nawe unasaini huku unabishana habari za Simba na Yanga. Juu ya ule mstari pana maneno. Kwenye hati ya malipo unathibitisha huduma imetolewa. Kwenye mahudhurio unathibitisha mtu alikuwepo, yu hai na amepokea. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 22, inahusu nyaraka za uongo za kumpotosha mwajiri, na haisubiri mpaka ionekane kwamba hela umekula wewe. Wengi mnadhani TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, huja kwa mwenye bahasha tu.

2. Maelekezo ya mdomo hayana folio, ile namba ya ukurasa ndani ya jalada. Mkuu akikuagiza jambo linalokukaa vibaya, rudi mezani uandike dokezo sabili, ile karatasi fupi ya mawasiliano ya ndani ya ofisi: kama ulivyonielekeza leo asubuhi, naomba idhini yako ya maandishi. Utashangaa maelekezo mangapi hubadilika yakikutana na karatasi. Ila andika kwa adabu. Ukiandika kwa kiburi utakuwa na haki yako yote, na bado utahamishiwa kata inayofikika kiangazi tu.

3. Tarehe 30 Juni. Hapa nitakaa kidogo.

Mnajua mwezi wa Juni ulivyo. Fedha zimeingia kwa kuchelewa, mkurugenzi anataka taarifa ya utekelezaji, na kila mlango unasikia sentensi moja: zisipotumika zinarudi Hazina. Mwaka ule nilikuwa kwenye halmashauri ambayo sitaitaja, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Kulikuwa na boma la madarasa ambalo wananchi walilijenga kwa nguvu zao mpaka kwenye lenta, likabaki kuezekwa. Mabati ya geji 28 yameagizwa, mzabuni kapatikana, mzigo haujafika. Jioni ya mwisho wa mwaka wa fedha mzabuni akapiga simu: lori limeharibika njiani, kesho asubuhi na mapema liko hapo. Mkuu wangu wa idara akaja na fomu mkononi. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Watoto wanasoma chini ya mwembe. Tukikosa leo tumewakosesha wao."

Ni sababu nzuri, na ndiyo ilinimaliza. Ningeletewa bahasha huenda ningeshtuka. Uovu mwingi niliouona katika utumishi wangu haukuja umevaa ubaya. Ulikuja na watoto, na wagonjwa, na visima vya maji.

Nikaisoma fomu. Ilisema sisi wajumbe tumekagua na kuhesabu bidhaa zilizotajwa, na tumeridhika na idadi na ubora wake. Nikasaini. Wajumbe wenzangu walipoona jina langu limetangulia, nao wakasaini, mmoja akiwa amesimama mlangoni na begi begani. Akabaki kijana wa stoo, ambaye alitakiwa aingize mzigo kwenye leja. Huyo alikataa. Alishika kalamu, akaiweka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bosi, mabati yako wapi?"

Ofisi nzima ilikuwa na mtu mmoja aliyeuliza swali la kazi yake. Nikamjibu, "Wewe mimi nimeshasaini, unaogopa nini?"

Akaingiza.

Malipo yalitoka usiku ule. Lori lilikuja baada ya siku nyingi, na lililoleta halikufika nusu ya oda. Hata hayo yaliyokuja yalikuwa ya geji 30, mepesi, ukiyabonyeza kwa kidole gumba yanakuitikia. Simu ya mzabuni ikaanza kusema haipatikani. Darasa moja likaezekwa upande mmoja.

Wakaguzi walipokuja walifanya kile ambacho mimi sikufanya: walikwenda kuhesabu. Hoja ikaandikwa, barua za kujieleza zikatoka. Na hapa, wadogo zangu, ndipo lilipo kosa langu kubwa. Kusaini kulikuwa kosa la usiku mmoja, la mtu aliyechoka. Barua ya maelezo nilikaa nayo siku kadhaa, nimelala vizuri, nimekula, akili timamu. Niliandika kwamba "taratibu za mapokezi hazikuzingatiwa kikamilifu" na kwamba "leja za stoo ziko chini ya uangalizi wa mtunza stoo." Someni tena. Hakuna uongo hata neno moja. Taratibu hazikuzingatiwa, sawa, na nani? Leja ni zake kweli. Nani alimwambia aingize? Hilo sikuulizwa, nikanyamaza, nikajiona mjanja.

Mimi nilipewa onyo. Kijana wa stoo alisimamishiwa nyongeza ya mshahara, akaamriwa arejeshe sehemu ya hasara. Mkuu wangu wa idara alikuwa ameshahama, kwa sababu fomu haikuwa na jina lake popote. Alikuwa ameileta mkononi tu.

Baadaye dhamira ilipozidi kunisuta niliandika barua ya pili, nikaeleza kila kitu, pamoja na ile "unaogopa nini". Ilipokelewa masijala, ikapigwa mhuri, ikapewa folio. Basi. Adhabu ilikuwa imeshatekelezwa, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kulifungua upya jalada lililokwishafungwa. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na yule kijana stendi, anasubiri basi, kashika mtoto mkono. Nilitamani asinione. Aliniona, akaja moja kwa moja. "Shikamoo bosi." Nikaitikia marahaba kwa tabu sana.

Nasikia baadhi yenu mkinong'ona kwamba hayo yalikuwa mambo ya zama zetu za Epicor, mfumo wa zamani wa hesabu, kwamba siku hizi kuna MUSE ya malipo na ununuzi wote uko NeST, mtandaoni. Mifumo ni mizuri, imetupunguzia mengi. Lakini mfumo haupandi pikipiki kwenda shuleni kuhesabu mabati. Unapokea ulichopakia, na wewe ukipakia fomu ya uongo unakuwa na fomu ya uongo yenye tarehe, saa na dakika.

4. Masurufu rejesha kwa wakati, na hela ya safari isiguse ada ya mtoto hata kwa siku mbili.

5. Zawadi. Mzabuni akikuletea mchele wa Kyela, jiulize angekuletea kama ungekuwa mwalimu wa chekechea. Jibu unalijua. Nao siku hizi wameerevuka, hawaji ofisini, wanakwenda nyumbani ukiwa kazini. Mama watoto wangu ameshawazoea: akija mtu asiyemjua na mbuzi, mtu anakaribishwa maji ya kunywa, mbuzi anabaki nje ya geti, na wote wawili wanaondoka pamoja. Kuna mmoja mbuzi wake alikula mchicha wetu kwenye kiroba wakati anasubiri. Tulisamehe.

6. Posho ya kikao ambacho hukukaa usiipokee, hata ikiletwa mpaka mezani kwako.

7. Mkishakuwa wakuu, maana mtakuwa, na wengine mapema kuliko mnavyostahili. Wazee wa TANU walikuwa na ahadi ya mwanachama: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Tunaisoma tukifikiria hela na magari. Mimi nimekuja kuisoma upya. Usiku ule sikupata shilingi, ila nilitumia cheo changu kumnyamazisha mtu aliyekuwa sahihi, na barua ile ya maelezo nikatumia cheo chake kidogo kunifunika mimi. Hiyo nayo ni faida.

Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya sabini, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Hakuwepo, hakuwashika. Alijiuzulu. Angeweza kuandika barua nzuri sana ya kueleza kwamba mahabusu wako chini ya uangalizi wa askari wa zamu, na isingekuwa na uongo ndani yake. Mwaka 1985 akawa rais, lakini msije mkaona kujiuzulu ni mbinu ya kupandia ngazi. Siku anaandika barua ile hakuna aliyemwahidi Ikulu.

Kwenu ninyi halitakuwa jambo la ukubwa huo. Litakuwa dereva aliyegonga gari la ofisi akiwa amekwenda kukuchukulia mkaa. Atakapoulizwa alikuwa wapi, macho yake yatakutafuta wewe kwanza. Sema kabla hajasema. Na mtu wa chini yako akikuuliza mabati yako wapi, inuka kwenye kiti, mwende wote mkaangalie.

8. Wale wenye miradi ambayo mizigo bado iko njiani: ombi la kutumia fedha za bakaa, zile zilizobaki mwaka wa fedha ukiisha, linaandikwa mapema, mezani, mchana, pamoja na mkataba na sababu za kuchelewa. Asiye na mfano wa barua, aje nimpe. Ninao mzuri, nilijifunza kuuandika mwaka uliofuata. Na yule wa semina ya kata, jalada lako liko kwangu. Beba daftari, Jumatatu tunapanda wote kwenda kuwaona waliohudhuria, mmoja mmoja, wale walio hai.