Barua zenu mwezi huu: "Ndo tulivyokuta"

Wapendwa, mwezi huu barua zimekuja nyingi kuliko kawaida, nadhani kwa sababu korosho zimeanza kudondoka na kila nyumba ina hesabu zake, sasa nilipokaa jioni moja nikazisoma zote nikaona karibu kila barua ina maneno yaleyale, "ndo tulivyokuta". Mtu anaeleza jambo linalomuumiza kabisa halafu anamalizia hivyo, kama vile anaomba radhi kwa kuumia. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana mimi mwenyewe nimepita humohumo.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Newala vijijini, Mtwara. Binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Mama yangu mzazi na mjomba wangu wameshakaa kikao wameamua Desemba hii shule zikifunga lazima achezwe unyago na watoto wenzake. Mimi sikuulizwa, nimeambiwa tu niandae. Baba yake hana hela mana mnada bado lakini kaona aibu kusema hana, kaenda kuchukua kwa mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kimyakimya kabla hazijafika mnadani, kwa hiyo korosho zetu bado ziko mtini ila sio zetu tena. Hela yenyewe ni ya nguo za mtoto, mchele, mbuzi na muziki wa kukodi. Nikisema tusubiri naambiwa mtoto atabaki msungo, yaani asiyechezwa, wenzake watamcheka, na mbona wewe ulichezwa mdogo hivohivo na hujafa. Moyo wangu haukubali dada ila sina la kuwajibu, ndo tulivyokuta. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mimi nilichezwa nikiwa na miaka nane, Desemba, kijiji sio mbali sana na huko kwenu. Siku ya kutoka mama mdogo alinibeba mabegani, nimevalishwa nguo mpya toka juu mpaka chini, mtu ananishikia mwavuli, wanawake wanapiga vigelegele wananibandika noti kwenye paji la uso, na nakwambia ukweli nilikuwa na furaha sijawahi kuipata tena. Kwa hiyo usidhani naongea kama mtu anayedharau unyago. Yale ya ndani siyasemi hapa na sitayasema, nawaheshimu walionifunda.

Lakini kuna moja kila mtu analijua kwa sababu linaonekana nje, kwamba mtoto akishatoka haingii tena chumbani kwa mama na baba yake. Mi wiki chache baada ya kutoka nikashikwa na homa usiku, mwili unatetemeka, nikaenda mpaka mlangoni kwa mama nikanyanyua mkono nigonge nikakumbuka kwamba nimekua. Nikakaa chini pale mlangoni. Mama alipofungua alfajiri aende kuchota maji akanikuta nimejikunja, alilia sana, akanibeba mpaka zahanati mgongoni, lakini hata siku ile hakuniambia kwamba siku nyingine ingia. Hakuweza kusema. Na yeye ndo alivyokuta. Nina watoto wakubwa saivi na bado ile sakafu naisikia baridi yake.

Sasa tuje kwenye hiyo hoja ya kwamba ulichezwa mdogo na hujafa. Waulize wazee wako taratibu, hasa bibi kama yupo, wao walichezwa wakiwa na umri gani. Wengi watakwambia walikuwa wameshavunja ungo au wanakaribia, na hapo ndo mafunzo yalikuwa na mahali pake, binti ameona damu kwa mara ya kwanza, ameogopa, wanamkalisha watu wazima wanamfundisha kujisitiri, usafi, heshima na mwenendo. Hilo ni jambo zuri na shule nyingi mpaka leo hazilifanyi vizuri kama kungwi anayejua kazi yake. Kilichobadilika ni umri. Wazazi wakaogopa asije akavunja ungo au akapata mimba bado ni msungo, wakawa wanautangulia ungo, mwaka huu wa kumi na moja, mwakani wa tisa, na hela ya korosho ikishaingia hakuna anayetaka kusubiri mana hajui msimu ujao utakuwaje, basi mdogo anaunganishwa na dada yake gharama iwe moja. Hivo ndivyo tulivyofika kwenye miaka saba, minane. Umri umeshushwa lakini maneno hayakupunguzwa, yaleyale ya mtu anayejiandaa kuwa mke anaambiwa mtoto ambaye bado anacheza kombolela. Kwa hiyo kusubiri sio kuvunja mila, unairudisha mahali pake ilipokuwa, na hilo unaweza kulisema mbele ya mzee yeyote bila kutetemeka.

Kuna na hili, na hapa naomba uniangalie usoni. Ngoma ni tangazo. Ukimtoa mtoto wa miaka tisa kijiji kizima kinaambiwa huyu kakua. Wewe unasikia kwamba mwanangu amefundwa heshima, lakini kuna mwanaume amekaa pale pembeni na kikombe chake cha uraka, pombe ya mabibo, anasikia kingine kabisa. Na mtoto mwenyewe ameambiwa ni mkubwa, akiitwa anaitika kama mkubwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hakuna mahali imesema isipokuwa amechezwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ndo iliyokuwa inaruhusu binti aozwe na miaka 15 mzazi akiridhia, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba na Mahakama ya Rufani ikakazia hivohivo 2019, na anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 tangu Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa 2016. Sikwambii haya ukamtishie mjomba polisi, hapana. Nakwambia ujue kwamba hofu yako sio woga wa mwanamke mmoja, hata mahakama imeshaiona.

Hiyo kangomba ndo imeniuma zaidi ya yote. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho huku kwetu mwaka 2007 na lengo lake mkulima apeleke mzigo ghalani, upimwe kwenye mizani, uuzwe mnadani, hela iingie kwa jina lake. Mtu wa kangomba anakuja na hela mkononi wakati nyumba haina kitu, anakupangia bei anayotaka na kipimo chake anakijua mwenyewe. Palizi mmelima nyie, salfa mmepuliza nyie, halafu mzigo unaondoka kwa siku moja ya kula pilau. Na Januari ikifika huyohuyo mtoto aliyebebwa mabegani hana daftari wala viatu vya shule! Nimeliona hili kwa macho yangu mara nyingi sana mpaka naumwa. Na wale wanaosema wenzake watamcheka, hawatakuwepo siku hiyo.

Cha kufanya. Usiende kwenye kikao, kikao kina watu wengi na kila mtu anataka aonekane ndo anayejua mila. Nenda kwa mjomba peke yako jioni, na kama bibi yuko hai nenda naye, mana unajua kwetu mjomba akisema neno mama yako hatabisha. Mkalie chini, msalimie vizuri, usianze na neno "sitaki". Mwambie mjomba nataka mwanangu achezwe ila naomba achezwe akimaliza shule ya msingi, na watoto wote wa ukoo wa rika lake watolewe siku moja kwa ngoma moja, gharama tugawane. Wazee wanapenda kusikia ukoo pamoja. Na mwambie kabisa kwamba hela iliyopo imeshaliwa na kangomba na deni litawafikia na wao. Mumeo naye akae na yule mtu waone kama anaweza kurudisha kilichobaki kabla hakijanunua mbuzi, ni vigumu najua, lakini nusu ya mzigo ikibaki yenu sio sawa na kukosa yote.

Kama wakikataa kabisa na huna nguvu ya kuwazuia, basi nenda kwa nyakanga mwenyewe, mama anayesimamia unyago, kabla ya siku. Muombe kwa heshima mambo ya mume na mke yaachwe mpaka atakapokua, na lile la mlango wa chumba lisisemwe kwa mwanao. Wengine wanakubali, nao ni mama zetu. Na mtoto akirudi nyumbani usiku huohuo mwambie kwa mdomo wako, ukiumwa, ukiogopa, mtu akikugusa, mlango wangu gonga. Mi nilikuwa nasubiri maneno hayo tu.

SWALI: Dada habari za kazi. Niko Tandahimba, nimeolewa mwaka wa kumi na moja huu. Tunalima wote, kuokota korosho naokota mimi na watoto, kuanika mimi, kuchambua mimi, kupeleka chama cha msingi cha ushirika mimi na baiskeli. Hela inaingia kwenye akaunti ya mume wangu. Ikishaingia anavaa anaenda Masasi au Mtwara mjini, anakaa wiki tatu mpaka mwezi, mwaka juzi alikaa mpaka nikasikia ana mwanamke kapanga naye chumba. Hela ikiisha anarudi. Nikilalamika majirani wananicheka, hata shemeji zangu wanasema ni msimu huo, vumilia atarudi tu, wanaume wa korosho ndo walivyo. Na kweli anarudi. Je, mimi ndo mwenye shida?

JIBU: Huna shida yoyote mama. Umeuliza swali ambalo wilaya nzima tumekubaliana tusiliulize. Tumelipa hata jina zuri, msimu, kama mvua, kama vile hakuna mtu anayeamua kupanda basi.

Nikuulize na mimi, wewe ungekaa Masasi mwezi mzima na hiyo hela ukarudi imeisha, shemeji zako wangesema ni msimu?

Kuhusu haki yako, ipo, na sio ya kuazima. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinasema mahakama ikigawa mali za wanandoa waliotengana au kuachana iangalie mchango wa kila mmoja, wa hela, mali au kazi. Mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema hata kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango. Kazi za nyumbani tu, na wewe umebeba mpaka magunia kwa baiskeli! Sikuambii uachike. Nakwambia ili ukikaa naye mezani ujue hauombi msaada. Sheria hiyohiyo inasema kumtunza mke na watoto ni wajibu wa mume, haijasema isipokuwa mwezi wa mnada.

Kabla mzigo haujaenda ghalani, mwambie mbele ya mtu anayemheshimu, mshenga au shehe au mchungaji wenu, kwamba mwaka huu korosho zitapelekwa kwa majina mawili, sehemu kwa jina lako na akaunti yako. Nenda chama cha msingi uulize utaratibu wa kusajiliwa na wewe kama mkulima, usimtume mtu, nenda mwenyewe, mana kama shamba lote lina jina moja basi na hela itakuwa na mdomo mmoja. Weka karatasi zote za kupimia mzigo, hata zilizochanika. Akikataa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au baraza la usuluhishi la kata, huko ndo ndoa zinakopelekwa kwanza kabla ya mahakama. Halafu, samahani kwa kukuingilia, mtu anayerudi toka kwa mwanamke mwingine nendeni wote mkapime kwanza. Usione haya kulisema hilo, una watoto wanaokutegemea.

SWALI: Mimi ni baba, nipo Lindi mjini. Kuna mzee wa mtaani kwetu, mtu wa heshima tu, binti yangu wa miaka sita akipita anamuita "mchumba wangu", anampa pipi, anamwambia njoo ukae hapa kwa mumeo. Watu wote barazani wanacheka na mimi nacheka. Juzi mtoto kakataa kwenda dukani kwa sababu ya kupita pale. Mke wangu anasema huo ni utani wa kawaida, hata babu yake anamuita mke wangu. Nimekuza mambo?

JIBU: Hujakuza, umechelewa kidogo tu, na umeuliza vizuri. Babu na mjukuu wana utani wao toka zamani na sina ugomvi nao, ingawa hata babu akiona mtoto anakunja uso anatakiwa aache. Huyu mzee sio babu yake. Utani una watu wake, watani wa makabila tunawajua, hata msibani wanatutania tukiwa tunalia na hakuna anayekasirika, kwa sababu aliyetaniwa anaweza kurudisha. Mtoto wa miaka sita atamrudishia nini mtu mzima mwenye pipi?

Mtoto kashakujibu kwa miguu, kaacha kupita pale. Na kitu kimoja ambacho naona hukukifikiria, kila ukicheka pale barazani yeye anakuangalia wewe. Anajifunza kwamba baba akiwepo bado inaruhusiwa. Muulize pia ukiwa naye peke yenu, taratibu, kama kuna kingine mzee amefanya zaidi ya maneno, na akikwambia kipo usikae nacho, siku hiyohiyo nenda dawati la jinsia na watoto pale polisi.

Kama ni maneno tu, kesho mchana kabla ya watu kujaa nenda pale, msalimie shikamoo yake, mwambie mzee huyu mtoto ana jina, naomba umuite jina lake, na pipi asipewe. Sauti ya kawaida tu. Atasema anatania, mwambie najua. Barazani watanuna siku mbili tatu. Halafu jioni mshike mkono binti yako mpite wote pale mkaenda dukani.