Diski haionekani kwenye ruta: usiifomati kabla hujasoma lebo ya adapta

Dada uliyeuliza kutoka Malindi, salaam aleikum. Umesema diski yako ya tera moja ilikaa kwenye ruta karibu mwaka mzima, nyumba nzima mkitazama picha na video kwa simu na televisheni. Stima ikakatika usiku, iliporudi diski haionekani tena, na fundi anasema dawa ni kuifomati, yaani kuifuta yote ianze upya. Nakuomba usiifomati. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni, na jambo hilo hilo lilinipata. Ndani ya diski yangu mlikuwa na sauti ya marehemu baba akisoma maulidi, na sikuwa na nakala nyingine popote. Kama ningemsikiliza fundi wa kwanza, leo nisingekuwa nayo.

Anza kwa kujua kasoro iko upande gani. Chomoa diski kwenye ruta uichomeke kwenye laptopu. Kisha chukua flashi ndogo unayojua ni nzima, uichomeke kwenye tundu lile lile la ruta. Laptopu ikiisoma diski na ruta ikiisoma flashi, basi diski ina uhai na tundu lina uhai. Tatizo liko pale vinapokutana.

Kwangu ndivyo ilivyokuwa, na ndicho kilichonichanganya. Nilibadilisha waya mara mbili, nikazima na kuwasha ruta nisijue ninatafuta nini. Usiku mmoja baada ya isha, nyumba imetulia, nikaweka sikio juu ya diski. Nikaisikia inaanza kuzunguka, inapanda kasi, halafu tik, inasimama. Inaanza tena, tik, inasimama. Na kila ikisimama, taa za ruta zinazimika na kuwaka upya kama ndiyo kwanza imewashwa. Hapo nikajua diski inakosa umeme wa kutosha, na inaivuta ruta nayo ianguke.

Nikaipindua ruta nikasoma chini: volti 12, ampea 2. Nikasoma adapta: volti 12, ampea 1. Adapta ya asili ilikuwa imeungua siku stima iliporudi kwa kishindo, na fundi akanipa nyingine ambayo pini yake inaingia. Volti ni zile zile, kwa hiyo ruta iliwaka, na bila diski waifai haikusumbua hata siku moja. Lakini ampea, yaani kiasi cha umeme adapta inachoweza kutoa, zilikuwa nusu. Volti 12 kwa ampea 1 ni wati 12 tu, na ruta yenyewe inakula sehemu kubwa. Diski ya kuzunguka, wakati wa kuanza, huweza kuvuta karibu ampea 1 kwa volti 5, yaani wati 5. Flashi haivuti hata robo ya hapo, ndiyo maana ilikuwa inasomeka bila shida.

Basi swali langu la kwanza kwako: adapta ni ile iliyokuja na ruta, au ilibadilishwa? Hata kama ni ya asili, usiiache bila kuipima, kwa sababu adapta huzeeka kwa joto na kwa stima inayopanda na kushuka, ikawa inatoa chini ya ilivyoandikwa. Ukinunua nyingine, volti ziwe sawa kabisa na zilizoandikwa kwenye ruta, ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Tazama pia ule mchoro mdogo wa pini unaoonyesha chanya iko kati au nje. Yangu niliagiza Mombasa, ikaja kwa basi hadi Mokowe na boti hadi kwetu Amu, yaani Lamu. Nilipoichomeka, diski ilizunguka bila kusimama, na baada ya dakika moja mafaili yote yakaonekana. Nililia, sioni haya kusema.

Adapta ikiwa sawa na diski bado inasimama, huenda tundu la ruta lenyewe halitoshi. Tundu la USB 2.0 kwa kipimo chake ni ampea 0.5, la USB 3.0 ni 0.9. Hapo nunua hab ya USB, kile kifaa cha kugawa tundu moja kuwa mengi, yenye adapta yake yenyewe, diski ipate umeme kutoka hapo, na utumie waya mfupi. Sisi wa pwani tuna adui mwingine: chumvi. Pini za waya wangu zilikuwa na kutu ya kijani kwa sababu ruta ilikaa kwenye kidaka karibu na dirisha la baharini. Zima kila kitu, safisha kwa pamba na spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa, na usogeze ruta ndani.

Lakini kama ile tik-tik unaisikia hata kwenye laptopu, diski yenyewe inaumwa. Nakili vya thamani kwanza, leo hii, usifanye kingine chochote juu yake.

Upande wa pili ni mafaili. Stima ikikatika diski ikiwa inaandika, mfumo wa NTFS, ule Windows inaoutumia kupanga mafaili kwenye diski, hubaki na alama kwamba haukufungwa vizuri. Windows huvumilia, ruta nyingi hazivumilii: zinaikataa diski au zinakubali kusoma bila kuandika. Ukishanakili vyako, ichomeke kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika amri ya kukagua na kurekebisha diski, chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya diski yako badala ya E. Ikimaliza, itoe kwa njia salama, usiikwanyue tu. Na kama ni diski mpya, angalia isiwe ya exFAT, mfumo mwingine wa kupanga mafaili, ruta nyingi za nyumbani haziijui. Mfumo wa zamani wa FAT32 zinaujua, lakini haipokei faili moja la kufika GB 4, na video ya harusi ya usiku mzima hupita hapo kwa urahisi.

Upande wa tatu nautaja kwa sababu huwadanganya watu wengi: televisheni inaiona diski, kompyuta haiioni. Hapo usiguse diski kabisa. Ruta za zamani hugawa mafaili kwa SMB, njia ya kusoma mafaili kupitia mtandao wa nyumbani, toleo la 1, lile lile lililopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017, na tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 mpya huja bila hilo toleo. Windows 11 Pro ya 24H2, sasisho la mwaka 2024, nayo kwa mipangilio yake ya kawaida haikubali tena kuingia kama mgeni bila nywila. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, utafute SMB toleo la 2 au zaidi, uweke jina na nywila. Kisha kwenye kompyuta andika \\ ikifuatwa na anwani ya ruta, mara nyingi \\192.168.1.1, badala ya kungoja ijitokeze yenyewe. Kurudisha toleo la 1 kunawezekana, lakini mimi sikufanya na sikushauri.

Kwa hali yako, kwa kuwa imeanza siku ya stima, natazamia iwe adapta au ile alama ya NTFS. Weka sikio kwenye diski usiku wa leo, soma lebo mbili, ya ruta na ya adapta, uniandikie namba zake hapa hapa. Na yule fundi mwambie asubiri.