Unaimba roki na unataka kuwa DJ? Anza na pumzi

Bendi yetu ya roki bado ipo na bado naimba, ila siku hizi wikendi nyingi utanikuta nyuma ya miksa, kwenye kumbi za Kinondoni na Msasani, nikipiga hausi, amapiano na singeli. Waimbaji wenzangu wakitaka kunifuata, swali lao la kwanza ni bei ya mashine. Mashine itasubiri. Kuna kitu unacho tayari ambacho DJ wengi wanakihangaikia miaka: unajua wimbo unapumua wapi.

Muziki wa klabu umejengwa kwa mafungu, mara nyingi ya mapigo 32. Hesabu, utasikia: fungu likiisha besi inaingia, au matoazi yanatoka, au mtu anaanza kuimba. Ingiza wimbo wa pili pale fungu jipya linapoanza, na usimwingilie mwimbaji katikati ya ubeti. Sauti mbili zikiimba maneno tofauti kwa wakati mmoja zinachosha, hata kama mapigo yamelingana kabisa. Programu za DJ zitakuonyesha pia nyimbo zipi zinapatana kwa noti, lakini mimi naamini koo kuliko skrini. Wimbo wa kwanza ukiwa unalia, imba taratibu mstari wa ule unaofuata. Ukijikuta unatafuta noti, chagua mwingine.

Kisha kuna kasi, na hapa Dar hilo ni jambo kubwa. Hausi hukaa kati ya mapigo 120 na 128 kwa dakika, amapiano karibu na 112. Singeli, muziki wa Manzese, Tandale na mitaa jirani, hupita 200 bila shida. Pengo hilo linatisha mpaka ugawe kwa mbili: singeli ya 208 inatembea pamoja na bongofleva ya 104. Kwa hiyo piga hiyo ya 104, watu wakishazoea, ingiza singeli chini yake huku besi yake umeikata. Iache ikae fungu zima. Halafu toa besi ya zamani, rudisha mpya, uone miguu inavyofanya. Ila kabla ya kuipiga mbele za watu, nenda kaisikilize kwenye vigodoro, zile sherehe za mitaani za usiku, inakoishi. Na tafuta kazi za Sisso Studios ya Mburahati, ambazo lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilizikusanya mwaka 2017. Ndani yake kuna ujasiri ambao sisi watu wa magitaa tunapaswa kuuheshimu.

Utatamani kuchanganya nyimbo za bendi yako mwenyewe. Fanya hivyo, lakini bendi ikirekodi bila kliki, ule mlio wa kushika mwendo masikioni, mpiga dramu huongeza mwendo kwenye kiitikio na kupunguza kwenye ubeti, na sauti yako haitakaa juu ya biti iliyonyooka. Rudi studio, imba upya ukiwa na kliki masikioni, omba faili la sauti peke yake. Mstari mmoja wenye nguvu unatosha wimbo mzima.

Zungumza na wenzako mapema. Wimbo mliotunga pamoja ni mali yenu wote, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kila mtunzi, kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi kabla hujaupeleka klabu. Wape pia uhakika kwamba huondoki. Kele Okereke, mwimbaji wa Bloc Party, bendi ya roki ya London, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake mwaka 2010, imejaa midundo ya kielektroniki, na mwaka 2012 bendi ikatoa albamu nyingine akiwa mbele kama kawaida.

La mwisho nalisisitiza kuliko yote: masikio. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri usizidi saa 8 kwenye kelele ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unapungua nusu. Kwenye desibeli 100 umebaki na dakika 15, na sisi tayari tumesimama miaka mingi mbele ya dramu. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki kabla ya hedifoni. Sauti ya spika ya DJ iwe chini, uipandishe unapochanganya tu, kisha uishushe tena.