Kwa mnaotaka kumaliza kofia kabla ya Idi

Kila Shaabani ikiingia wasichana huanza kuja, kofia zao za viua, vile vitundu vilivyozungushiwa uzi, zimekunjwa ndani ya foronya tangu mwaka juzi, na maneno ni yale yale: "Shangazi, imebaki kidogo tu." Nikiifungua hiyo foronya, kidogo chenyewe ni nusu ya mkanda, ule ubavu wa kofia, kuuunga na duara la juu, upindo, kufua na kutia dondo, ule wanga wa kuisimamisha. Imebaki kofia nzima, mwanangu. Nawapenda hawa wasichana, na wengine wana mkono mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wao. Lakini nimechoka kurudia jambo lile lile kwa mmoja mmoja, tena huku nimefunga, basi leo nawaambieni wote.

1. Kabla hujatia uzi sindanoni, itandaze kazi kwenye mwanga uikague. Pwani yetu hii, sindano ukiiacha imechomekwa kwenye kitambaa huikuti tena sindano, unakuta kutu. Alama ya kutu ipake ndimu na chumvi, ianike juani, suuza, rudia. Jiki usiiguse kabisa, kutu ikionja jiki ndiyo inahamia. Na aliyetoka harusini na hina mbichi akae kando siku mbili tatu. Nimeona mkanda wenye alama za vidole vitano, mwenyewe akasema eti itafanana na nakshi.

2. Mkono umebadilika. Umeacha kushona muda wote huo, umezaa, umehama, umeanza kuvaa miwani, halafu unataka kiua cha leo kifanane na cha siku zile. Chukua kitambaa chakavu, toboa, zungushia uzi, shona hivyo mpaka viua vipya vikilazwa kando ya vile vya zamani usivitambue. Ndipo urudi kwenye kofia. Na haya mambo ya kumpa binamu akusukumie mbele kwa sababu Idi imefika, hapana. Mmoja hukaza, mwingine hulegeza. Viua vya mkaza ni vidogo na vigumu, vya mlegeza vimefumbua macho, na vikikaa mkanda mmoja mtu anaviona akiwa ng'ambo ya barabara. Kama lazima mgawane, mmoja achukue duara, mwingine achukue mkanda.

3. Uzi nunua wa kumaliza kofia yote kwa mara moja, maana weupe hautofautiani dukani, unatofautiana baada ya kufua.

4. Hapa tulieni kidogo, kwa sababu hili limenikuta mimi.

Kofia ya kwanza niliyoikusudia kwa mume wangu, wakati huo bado mchumba, duara lake nililishona kwenye kipande cha bafta alichonipa mama. Kilikuwa kimefuliwa mara nyingi, laini, sindano inapita yenyewe. Nikalimaliza, nikasifiwa, nikaliweka. Likakaa. Tukaoana, akaja mtoto, akaja wa pili, kofia iko kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Siku niliyopata hamu ya kumalizia, kipande cha mama hakikutosha mkanda. Nikaenda dukani, nikanunua bafta mpya, bado ina dondo lake la kiwandani, imesimama kama karatasi. Nilifurahi! Mistari ilichoreka imenyooka, tundu linakaa linapotobolewa. Mama alikuwa amenifundisha kufua kitambaa kabla ya kukikata, na nilikumbuka, sisemi nilisahau. Nikajiambia kitambaa kizuri namna hii nikakilegeze kwa maji ya nini?

Nikashona mkanda ule miezi. Nikapima kichwa cha bwana, inchi 22, nikaunga, ikakaa sawasawa. Nikaifua usiku wa kuamkia Idi, nikatia dondo, nikaivika kwenye kopo ikauke.

Asubuhi duara limevimba katikati kama andazi na mkanda umelikaba. Duara lilikwisha kurudi, yaani kupungua, zamani, kwenye mafuo ya mama. Mkanda ndio kwanza unaonja maji. Na hesabu yake ni ndogo mno ukiisikia: kitambaa kikipungua sehemu 1 katika 22, kwenye kofia ya inchi 22 umepoteza inchi nzima, na kichwa cha mtu hakipungui. Badala ya kukaa chini nifikirie, nikailowesha tena, nikaivuta juu ya sufuria kwa nguvu zangu zote. Mkanda haukutanuka. Kilichotanuka ni viua, vikafumbuka mstari mzima. Nikachukua wembe nifumue maungio, nina hasira na takbira zinasikika msikitini, nikakata uzi wa viua viwili vya duara. Vya duara! Lile lililokuwa zima.

Bwana aliivaa hivyo hivyo, maskini, imekaa utosini. Mama mkwe akaitazama wakati wa kupeana mikono, akanivuta pembeni. "Mwanangu, hii umemshonea nani, mjukuu?"

Duara nililiokoa. Mkanda niliukata mwingine, safari hii kitambaa nimekichemsha, nimekianika, nimekifua tena kwa ukaidi, nikaanza viua upya tangu cha kwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia "shangazi, kitambaa hiki hakirudi, muuzaji kaniapia," mimi namuuliza muuzaji atakuja kushona?

5. Pima tena ukishamaliza viua, kabla ya kuunga. Hata kitambaa kilichofuliwa hujivuta, kwa kuwa kila kiua kinakusanya nyuzi kidogo, na viua ni mamia. Kipimo ulichochora siku ya kwanza sicho ulicho nacho leo. Duara lenye upana wa inchi 7 linazungukwa na mkanda wa inchi 22, ukiacha nafasi ya mshono. Ndiyo ile 22 kwa 7 ya darasani mliyokuwa mkiuliza itawasaidia nini. Kunja duara robo nne, tia alama, kunja na mkanda robo nne, tia alama, robo ikutane na robo, piga bandi kwanza, ule mshono wa muda. Mnaoanzia mahali pamoja mkazunguka tu mnajijua, ndio mnaofika mwisho na ulimi wa kitambaa umebaki nje, halafu mnaukunja ndani mkidhani hatuuoni. Tunauona. Kofia inakaa upande.

Mkanda nao uangalie miisho yake inapokutana. Ua likikatwa nusu hapo, hakuna dondo la kulificha, na hilo lilitakiwa kupangwa kwenye penseli. Aliyekwisha kosea aweke maungio yaje kisogoni, ashukuru Mungu.

6. Ndani. Mafundo yafiche baina ya matabaka mawili, ncha za uzi usiziache zikining'inia. Nimeuza kofia kwa wanaopeleka Oman, huko wanaiita kumma na wanaivaa kila siku, na sijapata kumwona mnunuzi aliyeanza kutazama nje. Huigeuza ndani kwanza, anapitisha kidole, ndipo anataja bei. Kofia ya mashine imejaa madukani. Anayetoa pesa ya kofia ya mkono anatafuta mkono.

Mengine ni madogo: uzi usizidi urefu wa mkono wako, upitishe kwenye nta, vaa kastabini hata kama inakuudhi, tundu litoboe kwa kusukuma nyuzi na wala usizikate, usishone baada ya Isha kwa taa ya simu.

Na wewe uliyenionyesha mkanda uliochorwa kwa kalamu ya wino, unajijua. Usiufue. Maji hayautoi wino ule, yatautembeza tu. Niletee kama ulivyo, na chupa ya spiriti, na pamba, tujaribu pembeni kwanza. Na njoo na sindano zako, zangu mmezimaliza.