Taa ya UV kuwaka siyo kwamba inaua vijidudu

Mkuu, umeuliza utajuaje UV (taa ya mwanga wa urujuanimno, wa kuua vijidudu) ya maji ya bafuni mnayorudisha bustanini inafanya kazi, taa kuwaka tu haitoshi aisee. Anza na UVT, yaani mwanga wa nanomita 254 unapenya asilimia ngapi kwenye sentimita 1 ya maji, ikiwa chini ya aliyoandika mtengenezaji basi dozi (kiasi cha mwanga kinachovipata vijidudu) haifiki hata taa iwe mpya. Alafu zima umeme, chomoa kile kioo kinachofunika taa, mara nyingi kina ukoko mweupe, kifute na siki. Ndo uchukue sampuli kabla na baada ya taa, saa maji yanapita kwa kasi kabisa, chupa ya maabara, giza na barafu (bakteria wengine wakipata mwanga wanajitibu, wajanja hao), wapime E. koli (bakteria wa kinyesi). Sampuli ya usiku maji yametulia itakudanganya, maana yanakaa muda mrefu kwenye mwanga.